Maji Mdomoni Mpaka Juu

Mwamanyili, tarehe 8 Machi

Andika, Domitila. Anza na salamu, mtu haanzi maneno bila salamu. Mwangaluka, Mayunga mwanangu. Ni mimi mama yako, ng'wana Ngassa. Nasema kwa mdomo na Domitila anaandika, maana mimi kalamu sikuishika, nilishika fimbo ya ndama nikiwa kimo cha mbuzi. Wewe kusoma unajua. Ukirudi utasoma mwenyewe siku zilizokupita, nisije nikakaa nakusimulia halafu nikasahau nusu.

Domitila ni mke wa Ngeleja, na Ngeleja ni mtoto wa marehemu kaka yangu, unamkumbuka, yule mwenye masikio. Nipo kwao. Nimetoka Lingeka juzi, nikalala Bariadi, jana nikafika hapa. Kwenye basi mtu alinipakatisha kuku wake akasema mama nishikie kidogo, akalala usingizi mpaka Lamadi, na yule kuku akanichafulia kitenge kile cha maua ulichoninunulia. Nimekifua. Kimetoka, ila harufu bado.

Sasa nikwambie kwa nini nimekuja. Baba yako mdogo Yakobo aliita kikao nyumbani. Akasema huu ni mwaka wa nne. Mayunga aliondoka na ng'ombe kwenda kusini, akapiga simu toka Lindi akasema malisho ni mazuri, mto umejaa ila tutavuka. Tangu siku hiyo simu yake haipatikani. Mwenzake aliyekuwa naye alirudi peke yake, akasema waliachana pale mtoni, Mayunga alibaki kutafuta ng'ombe waliosombwa. Yakobo akasema hakuna mwili, sawa, lakini nyumba haiwezi kukaa hivi, haina mwenyewe wala haina msiba. Pamba ikitoka shambani tuweke matanga. Tuzike fimbo yake na shuka lake, tunyoe, yaishe.

Mkeo Salu alikuwa amekaa mlangoni anachambua mlenda.  Hata kukohoa hakukohoa. Nikasema moyoni, huyu alishakuzika siku nyingi, anasubiri sisi tu.

Nikawaambia nipeni mpaka pamba itoke. Nikaja kwetu huku, kwa sababu ya mlima.

Mlima wetu ni mfupi. Sisi tunauita Lugulu tu, yaani mlima, kama hakuna mwingine. Mfupi, lakini umesimama kama mtu aliyekasirika. Mawe juu ya mawe. Kwa ukoo wa mama yangu, mtu akipotea, mama yake anakwenda chini pale kisimani alfajiri, anajaza maji mdomoni, anapanda nayo. Hamezi, hatemi, hasemi. Akifika juu anayapuliza kule alikoelekea mtoto, anaita jina. Mara moja tu, haliitwi mara mbili. Mtoto kama yuko hai, popote alipo, anageuka. Sisemi anarudi. Anageuka, na mtu akishageuka habari zake zinafika. Mama yangu alimfanyia kaka yangu aliyepotelea Mwadui kwenye machimbo. Nilikuwa binti, nilimwona akipanda mashavu yametuna, na sisi watoto tulicheka. Kaka alikuja kabla mtama haujaiva, amekonda, anasukuma baiskeli isiyo na tairi.

Domitila anaandika hapa lakini uso ameukunja. Yeye ni mtu wa kanisa, ni mwenyekiti wa jumuiya. Andika na hilo, Domitila.

10 Machi

Mvua. Nimekula matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, na maziwa.

13 Machi

Mayunga, nimeharibu.

Nilikwenda leo. Ngeleja alinisindikiza mpaka kisimani, akaniachia fimbo. Nikajaza maji. Ya baridi, meno yakauma, hayo machache. Nikaanza. Pale mwanzo njia ni nzuri, unashika mti huu, unaachia, unashika mwingine. Halafu linakuja jiwe moja kubwa, unapanda kwa mikono kama mtoto anayetambaa. Nikalipanda. Nikasema, hee, ng'wana Ngassa bado upo. Nilisema kimoyomoyo.

Usinicheke. Mimi unanijua, mdomo wangu haujawahi kukaa. Baba yako marehemu alikuwa anasema siku nikinyamaza wachimbe kaburi. Basi ile njia yote maneno yalikuwa yamepanga foleni nyuma ya maji. Naona ndege, nataka kusema. Naona mjusi wa kichwa chekundu, nataka kusema.

Juu ya jiwe, pale katikati, nikakutana na mwanaume anashuka. Anaitwa Athanasi, ndiyo kazi yake, anapandisha wageni wanaokuja toka Mwanza na Bariadi kupiga picha ziwa. Mtu mzima, kofia amegeuza nyuma. Akaniona, akasimama pembeni kwa heshima, akainama kidogo, akasema, "Mwangaluka, Mayu."

Nikaitika, "Mwangaluka, baba."

Ilikuwa imekwisha. Maji yote kifuani. Sikufikiri. Mayunga, mtu amekupisha njia, ameinama, amekuita mama. Utamtumbulia macho kama ng'ombe? Sisi tumelelewa hivyo, salamu inaitikwa kabla akili haijajua. Nikakaa palepale kwenye jiwe nikalia. Athanasi akadhani nimeumia. Nikamweleza. Masikini, akavua kofia, akasema angejua angejificha kwenye majani. Halafu akasema nisilie, mchumba wake hapaswi kulia. Anasema mimi sasa ni mchumba wake. Ana meno matatu tu mbele, na anachumbia.

Turudi kisimani nijaze tena? Haiwezekani. Siku moja, safari moja. Na goti lilikuwa limeshavimba.

14 Machi

Goti. Domitila kalikanda na maji ya chumvi.

22 Machi

Mvua kila siku. Redioni wamesema huko kusini mito imefurika, wametaja na Lindi. Nikamwambia Ngeleja zima hiyo. Kazima. Halafu nikamwambia washa, na habari zilikuwa zimeisha, wanapiga ngoma.

Nafikiria Salu. Wakati naondoka alinifungia michembe ya viazi kwenye kanga, akaweka na karanga, akanifunga vizuri kabisa. Nikasema moyoni, ananifungia kama anayefukuza mgeni. Mtu akishaona matanga mbele, mama mkwe si mzigo tu? Ana miaka thelathini na kitu. Mtu akimwoa leo bado anazaa.

Pamba ya huku wanasema imestawi. Ya kwetu sijui.

3 Aprili, Ijumaa Kuu

Hii nilipanga mwenyewe, na nilijiona nina akili.

Kanisa la huku kila Ijumaa Kuu wanapanda Lugulu na msalaba. Njia ya Msalaba. Wanasimama, wanapiga magoti, wanasoma, wanaimba, wanapanda tena. Nikawaza, hiyo ndiyo siku yangu. Ijumaa Kuu watu wana huzuni, hakuna anayesalimia mtu. Na katikati ya umati nani ataangalia mashavu ya bibi kizee? Mimi sikubatizwa lakini sikatai, Mungu yupo, na mlima ni wake.

Nikajaza maji nikaingia katikati ya akina mama waliovaa zambarau. Domitila alikuwa mbele anaongoza nyimbo. Wakasimama kituo cha kwanza, tukapiga magoti. Wakasema maneno, wote wakaitikia, mimi kimya. Mama mmoja akaniangalia. Kituo kingine hivyohivyo. Yule mama akanong'oneza mwenzake, nikasikia, "Huyu bibi haitikii." Mwenzake akasema, "Labda ni bubu." Mimi, bubu. Mayunga, nilikaribia kucheka maji yatoke puani.

Tulipofika kituo cha kuanguka mara ya tatu, wingu lilikuja toka ziwani, jeusi, limeinama. Upepo ukachukua kitambaa cha msalaba. Mvua ikapiga. Mawe yale yakiloa ni kama yamepakwa samli, kijana aliyebeba msalaba mguu ukateleza, watu wakamdaka. Katekista akasema basi, tunashuka, tutamalizia kanisani. Kilele nilikuwa nakiona. Naona na ule mti mmoja uliopo juu umelala na upepo. Nikafanya kwenda mbele, Ngeleja aliyekuwa nyuma yangu akanishika kiuno kama anashika mwizi. Nikatikisa kichwa. Siwezi kumwambia niache, kusema siwezi. Nikampiga na fimbo. Hakuachia.

Nilishuka na maji yangu mdomoni mpaka chini. Sikujua niyaweke wapi. Kupuliza njiani haifai, kumeza haifai. Nikafika kisimani nikayarudisha, nikasema samahani kwa kisima.

Ndipo Domitila akaniona. Akajua. Alisema nimechezea msalaba kwa mambo ya kienyeji, mbele ya jumuiya yake, na yeye ndiye mwenyekiti. Nikamwambia ni maji, Domitila, si kitu kingine, ni maji ya kisima mnachobatizia watoto wenu. 

4 Aprili

Leo Domitila hakutaka kuandika. Nimemwambia basi andika kwamba hutaki. Kaandika.

5 Aprili, Pasaka

Wamechinja mbuzi. Domitila kaniwekea ini, sehemu ya mtu unayemheshimu. Tukaendelea kama kawaida. Baadaye alisema kanisani alikutaja jina lako kwenye nia za misa, wiki zote hizi, mimi sikujua. Nilikuwa namwona anapiga ishara ya msalaba, nadhani ananilaani.

19 Aprili

Mvua. Nimechambua choroko.

2 Mei

Simu ya Ngeleja imelia, namba ngeni. Nikaruka kama si mimi mwenye goti. Sauti ya mwanaume, ya mbali, inakatakata, anasema halo, mama, halo. Nikasema Mayunga? Akasema, mama, hongera, namba yako imeshinda zawadi, tuma kwanza hela ya kutolea. Ngeleja akamtukana akakata. Nikamwambia angemwacha aseme kidogo. Sauti yake ilifanana.

17 Mei

Mvua imekatika. Mashamba ya huku yameanza kuwa meupe.

Na Salu amekuja. Bila taarifa, tumemwona tu anaingia uani na kikapu. Akapiga goti akanisalimia, akasema nyumbani mhola, salama, watoto mhola, binti yenu Gloria amefaulu mitihani ya nusu muhula. Akasema baba Yakobo amepanga siku, mwisho wa mwezi wa sita, pamba ikishapelekwa. Ametumwa anirudishe.

Nikamuuliza, na wewe unasemaje? Akasema, "Mimi nasemaje tena, Mayu." Akaenda jikoni kumsaidia Domitila kuosha sufuria. Nikawasikia wanaongea chini chini huko muda mrefu. Nikasema, haya, wananigawa.

Nilimwambia sirudi bila kupanda. Akasema sawa, atanisindikiza. Athanasi naye atakuja, ana wageni. Nikasema moyoni, ananisindikiza ahakikishe nimeshindwa, akamwambie Yakobo.

19 Mei

Andika vizuri leo, Domitila, usifupishe. Nitasema yote, hata ya kunidhalilisha.

Tulifika kisimani kabla ya jua. Nikainama nikajaza. Salu akasema ngoja ninawe uso, akabaki nyuma, akachelewa. Nikaanza bila yeye. Akanifuata. Tangu hapo hakutoa neno. Mimi sina budi kunyamaza, lakini yeye kimemkaba nini? Nilimwangalia mara moja, kajifunga kanga mpaka puani, anasema kwa macho tu, endelea. Baridi ilikuwepo. Sikuwaza kitu.

Mlima ulikuwa mkavu. Lile jiwe kubwa nililipanda, Salu akinisukuma matako kwa bega, samahani Domitila lakini ndivyo ilivyokuwa. Athanasi alikuwa mbele na wageni wake, vijana watatu toka Mwanza, binti mmoja na wavulana wawili wa suruali zilizochanika magotini. Yeye safari hii alijua. Aliponiona akajiziba mdomo kwa mkono, akainama bila sauti, akawasogeza wageni wake pembeni tupite. Akajaribu kumtania Salu, akamwita shemeji, akasema huyu mchumba wangu mkimchukua Lingeka mtaniua. Salu hakucheka. Hakumtazama hata. Athanasi akasema shemeji ana kiburi. Nikaona aibu.

Tukapita pale nilipomwaga mara ya kwanza. Tukapita kituo cha msalaba tuliporudia. Kilichobaki ni kile kipande cha mwisho. Ni kifupi, ukirusha jiwe linafika, lakini kimesimama wima, unapanda unaona miguu ya aliye mbele yako juu ya kichwa. Kifua kilikuwa kinawaka. Unapumulia pua peke yake, na pua ya mzee ni nyembamba. Lakini maji yapo, Mayunga. Yalikuwa yamepata joto, yamekuwa kama mate yangu, lakini yapo.

Pale ndipo tukakutana na mama mmoja anashuka na mzigo wa kuni, mtu mzima kama mimi, pengine ananizidi. Alitua mzigo wake jiwe la pembeni ili sisi tupite. Mzigo ule, mahali pale, akautua kwa ajili yetu. Akasema, "Mwangaluka, bamayu." Mimi nikaonyesha mdomo wangu, akaelewa kitu, watu wa huku wazee wanaujua huu mlima. Akamgeukia Salu, akarudia, "Mwangaluka, mwanangu." Na Salu akampita. Akampita tu. Akatazama chini, akapita kama mtu amepita mbwa.

Hasira ilinipanda toka miguuni. Nikasema moyoni, huyu ndiye niliyemwachia watoto wa mwanangu? Mwanamke asiyeitika salamu ya mtu mzima? Nilitaka kumwambia, Salu, itika. Neno hilo tu. Na ili niseme nikameza. Maji yalishuka kabla neno halijapanda.

Nikasimama. Mdomo mtupu. Ulimi umekauka hapohapo kama sijawahi kunywa maji tangu nizaliwe. Hata lile neno sikulisema.

Nikafanya nini? Nikayatunisha mashavu kwa hewa, nikaendelea kupanda. Ndiyo, mwanangu. Mtu mzima mimi, nimebeba hewa. Sikutaka Salu ajue.

Juu kuna jiwe bapa, ukubwa wa uwanja wa nyumba, na ule mti. Jua lilikuwa linatoka. Ziwa lote lilikuwa chini, limetulia, mitumbwi kama wadudu, na wale vijana, waliotupita tena njiani, walikuwa wanapigana picha wamelipa ziwa mgongo, wanatoa ndimi. Upande mwingine ni mbuga, inakwenda, inakwenda, haina mwisho, na mashamba ya pamba yametawanyika meupe kama mtu amemwaga unga akashindwa kuuzoa. Pazuri. Sijawahi kuona mahali pazuri vile na sikuwa na cha kufanya napo. Lindi ni huko, ukilitazama jua halafu ukasogea kulia. Nikasimama hapo nimetuna mashavu. Nikawaza nitapuliza hewa, nitaita jina. Nani atajua? Na wewe ndiye ungejua. Sikupuliza.

Salu akaja akasimama ubavuni kwangu. Akashusha kanga usoni. Mashavu yake yalikuwa yamejaa.

Akapuliza. Maji yakatoka kama moshi, jua likayapiga, yakawa na rangi kidogo, yakaisha. Akaita, "Mayunga." Hakupaza sana. Aliita kama unavyomwita mtu aliyeko chumba cha pili.

Tukasikiliza. Hakuna kitu. Upepo wa ziwani ulikuwa nyuma yetu, unatupiga migongoni, unapeleka.

Yule binti toka Mwanza alikuwa amegeuza simu yake kwetu. Akasema kwa adabu kabisa, simlaumu, "Dada, naomba urudie, ile sehemu ya maji, nilikuwa sijawasha." Athanasi akamshika mkono akamsogeza kando. Salu akamwambia, "Inaitwa mara moja tu, mdogo wangu." Ukiacha lile jina, hilo ndilo neno lake la kwanza tangu kisimani.

Tukakaa kwenye lile jiwe. Nikamwambia, yangu nimemeza. Akasema, "Nilikuona koo, Mayu. Ulimeza kwa ajili yangu, nilijua umekasirika. Sikuweza kukwambia."

Nikamuuliza alianzia wapi. Akasema Domitila alimweleza kila kitu pale jikoni, na wakakubaliana, yeye ashike mengine ya akiba, maana bibi ana goti na ana mdomo. Domitila, hapo unacheka nini, andika.

Nikasema, kumbe hukutaka azikwe. Akaitandika kanga yake magotini. Halafu akasema, "Mayu, matanga niliyaomba mimi. Baba Yakobo alikuwa anakataa. Nilimfuata mara nyingi." Akasema amechoka kulala mlango haujafungwa komeo, miaka yote hii, eti mwenye nyumba atarudi. Akisikia mbwa, anaamka. Watoto wakimuuliza baba yuko wapi hana jibu la ndiyo wala la hapana. Nikamwambia basi maji uliyapandisha ya nini? Akaangalia kule kusini. "Ili nikimzika nijue nilimwita."

Sikuwa na neno. Mimi. Athanasi aliniuliza kama ninaumwa.

Tulipokuwa tunashuka tulimkuta yule mama wa kuni bado anapumzika. Salu akapiga goti kwenye yale mawe akamsalimia yote, za asubuhi, za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Yule mama akamjibu moja moja. Akamuuliza, umemwita nani? Salu akasema mume wangu. Yule mama akasema, mke hajawahi kupandisha, ni mama. Akasema pole pole, si kwa ubaya.

20 Mei

Domitila amenifungia furu wakavu. Amesema nitakuwa nasema kwenye simu ya Salu, namtumia sauti, yeye anaandika. Alinikumbatia, halafu akakimbia kufukuza mbuzi kwenye mihogo, mbuzi wenyewe sikuwaona.

Lingeka, 28 Mei

Domitila, unanisikia? Salu anasema bonyeza hapa usiachie. Tumefika. Tunachuma pamba. Hakuna habari.

6 Juni

Tunachuma. Vidole vyangu vimechanwa na makapi. Hakuna habari.

Salu ananipa mistari mifupi ya pamba, anajifanya mirefu ni yake kwa bahati.

14 Juni

Pamba ya kwetu si nzuri, imeingia funza. Yakobo kaja kuuliza kama kuna chochote. Zamani nikimwona namgeuzia kisogo. Leo nilimpa kigoda. Aliuliza huku anaangalia vidole vyake vya miguu, nikaona anatamani niseme kipo.

Hakuna.

21 Juni

Marobota yamepelekwa. Shamba ni miti tu. Nimemwambia Salu, kaka yangu alikuja mtama ukikaribia kuiva, labda na sisi tusubiri mtama. Akasema, "Mayu." Basi.

27 Juni

Leo tumekuzika.

Watu walikuja wengi, na wa Migato, ndugu zake Salu, walikuja na ng'ombe mmoja. Walichimba kaburi karibu na la baba yako, refu la mtu mzima kabisa. Nilisema si lazima liwe refu hivyo, ni fimbo tu. Yakobo akasema ni Mayunga, tutalichimba kimo cha Mayunga. Wakalaza fimbo yako na shuka lile la mistari, lina tundu la moto pale ulipolala karibu na jiko. Katekista aliomba. Wazee wakamwaga pombe. Kila mtu alifanya chake, hawakugombana.

Walinipa kikombe cha maji ninyunyizie kaburi, ndiyo desturi ya huku, mama anatangulia. Nikakishika. Watu wakasubiri. Nikawaza, nikiyaweka mdomoni, hapa hakuna mlima, hakuna hatua hata moja ya kupanda, ningeweza kuyafikisha. Nikamwaga kwa mkono tu, kama walivyotaka.

Halafu wakaninyoa. Wakamnyoa Salu. Kichwa chake ni kizuri, cha mviringo, kina kovu dogo ambalo sikuwahi kulijua.

Sikulia. Nililia kwenye lile jiwe mwezi wa tatu, yakaisha pale.

30 Juni

Domitila, ameniuliza Salu kama bado nataka kusema kwenye simu, na nani atasomewa. Nimemwambia niache niseme la leo.

Usiku Salu anafunga komeo. Nasikia chuma kinavyoingia. Analala. Mimi ndiye sasa nasikia mbwa.

Lakini nina ugonjwa mwingine. Tangu tulivyotoka mlimani, nikinywa maji siyamezi. Nayashika kwanza. Yanakaa, yanapata joto, najikuta nimesimama nayo katikati ya uwanja naangalia kule. Nikadhani ni uzee.

Jana jioni tumekaa tunakula, mimi na Salu, watoto wameshamaliza wametoka. Nikachukua kata nikanywa, nikampa na yeye akanywa. Nikainua macho nikamtazama, na yeye akanitazama, na mashavu yake yamejaa, na yangu yamejaa. Tukakaa hivyo. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Yakobo akaja kutoka njiani, akasimama pale mlangoni na kichwa chake kilichonyolewa, akatusalimia.

"Mwadila, bamayu."

Tukameza. Tukaitika.